Hakimu Anapojishitaki

Usiku mmoja wa masika, mjukuu wangu alipokuwa akiungua kwa homa hata macho yakaanza kumpinduka, nililitia gari langu dogo katika maji yaliyokuwa yameikata njia baina ya kijiji chetu cha Namawala na Idete, nikavuka kwa kudra ya Mungu, nikafika Ifakara kabla ya alfajiri, mtoto akapokewa, akatibiwa, akapona. Na kwa sababu mtoto alipona, yale maji sikuyakumbuka tena.

Haukupita mwezi gari likaanza kuugua. Lilikuwa likizima njiani bila dalili, likikaa kitambo likiwaka, likienda hatua chache likizima tena, na ile taa ya njano yenye sura ya injini ikawa haitoki machoni pangu. Nililivutisha hadi Ifakara kwa kijana mmoja hodari wa umeme wa magari, naye akachomeka mashine yake katika soketi iliyo chini ya usukani, akangoja, akasoma, kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: P0606. Ni alama ambayo watengenezaji wa magari wa mataifa mengi wamekubaliana maana yake, nayo ni kwamba kompyuta ya injini, kile kisanduku ambacho mafundi wetu hukiita kontrolboksi, imeipima nafsi yake ikaiona ina kasoro. "Mwalimu," aliniambia, "hapa hapana mjadala. Yenyewe imekiri."

Neno hilo la kukiri lilinishika kuliko bei ya kisanduku kingine, na tangu siku ile limekuwa likinijia niwapo shambani na niwapo kitandani. Mwizi wa kuku akikiri mbele ya baraza, ikrari yake yatosha kumaliza shauri. Lakini mshitakiwa akiwa ni akili yenyewe, na shitaka likiwa kwamba akili hiyo imeharibika, ikrari yake ni ithibati ya nini? Kama ni nzima, basi imesema uongo. Na kama imeharibika, kwa haki gani tunayasadiki maneno ya aliyeharibika?

Msomaji ambaye hajapata kufunuliwa undani wa gari lake namwomba anivumilie kidogo. Katika magari ya zamani petroli ilichanganywa na hewa ndani ya kabureta, na cheche zilipigwa kwa platini, vitu vya kushikika ambavyo fundi aliviona kwa macho na kuvisafisha kwa kitambaa. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa umeme wa kupuliza petroli, uliotiwa katika Volkswagen 1600, na mwaka 1979 ikaziweka petroli na cheche chini ya kompyuta moja katika BMW 732i; tangu hapo amri ya injini ikawa inatoka katika kisanduku kilichofungwa, kisichoona wala kusikia, ambacho hutegemea sensa kama mwanadamu ategemeavyo hawasi zake. Sensa moja hukiambia krenki imefika wapi katika mzunguko wake, nyingine hukipa joto la maji, nyingine wingi wa hewa iingiayo, nyingine oksijeni iliyosalia katika moshi. Nacho, kwa kuzilinganisha habari hizo na majedwali kiliyoyahifadhi, huamuru nozeli ifunguke kwa sehemu chache za elfu za sekunde moja na koili ipige cheche kwa wakati wake. Sensa ikileta habari isiyopatana na za wenzake, kisanduku huishitaki, taa ikawaka, alama ikaandikwa. Ni hakimu hasa, tena hakimu ambaye mahakama yake haifungwi muda wote injini ingurumapo, na hukumu zake juu ya mashahidi aghalabu ni za haki.

Imamu Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliuacha ukufunzi wake mkuu katika chuo cha Nidhamia cha Baghdad, amesimulia katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal kwamba shaka ilimwingia kwa mlango huu huu. Aliona jinsi jicho liitazamavyo nyota likaidhania kuwa ndogo kiasi cha dinari, na hali burhani za jiometri zaonyesha kuwa ni kubwa kuliko ardhi; hawasi zikashindwa mbele ya akili. Ndipo akajiuliza kama nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine ambaye, siku atakapodhihiri, ataikadhibisha akili kama akili ilivyozikadhibisha hawasi. Kwa muda wa karibu miezi miwili alikuwa mgonjwa wa shaka hiyo, na anaeleza waziwazi kwamba hakuponywa na hoja aliyoipanga mwenyewe, bali na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Kisa hicho nilikisoma ujanani nikakihesabu kuwa ni cha wanazuoni, cha watu wenye vitabu vingi na wasiokuwa na mpunga wa kupalilia. Sikutaraji kukikuta chini ya dashibodi ya gari langu, katika gereji iliyojaa harufu ya oili.

Wahandisi hawakuweza kuingoja nuru. Katika magari ambayo hata kikanyagio cha mafuta hakina tena waya wa chuma bali hupeleka habari kwa umeme, walimweka ndani ya kisanduku mlinzi wa pili, ambaye kazi yake ni kumwuliza yule mkubwa, tena na tena, maswali ambayo majibu yake yamekwisha kujulikana. Akikosea, au akichelewa kujibu, mlinzi huipunguza nguvu ya injini au huikata. Ni hekima kubwa, nami naistahi. Lakini mlinzi huyo anakaa katika nyumba ile ile, anakula kwa betri ile ile, anakanyaga ethi ile ile. Na nyumba ikikosa chakula, mlinzi na mlindwa huweweseka pamoja. Waya wa ethi ulioliwa na kutu, au rilei isiyoshika barabara, waweza kukifanya kisanduku kizima kijione kigonjwa; nacho hakiongopi, bali chasema yale ambayo mwenye njaa husema kizunguzungu kinapomjia, kwamba dunia inazunguka.

Sikatai kwamba ziko siku ambapo ugonjwa umo ndani yake kweli. Mwezi wa Agosti mwaka 2010 kampuni ya Toyota iliyaita yarudi magari aina ya Corolla na Matrix zaidi ya milioni moja katika nchi za Marekani na Kanada, kwa sababu visanduku vyake vya injini viliweza kupasuka ndani, mahali palipounganishwa kwa risasi, gari likakataa kuwaka au likazima linakwenda. Visanduku hivyo vilizaliwa na kilema chao. Kwa hiyo fundi asemaye kwamba kompyuta haifi hajui zaidi ya yule asemaye kwamba kila gari lizimalo limekufa kompyuta.

Wanasheria wa Kiislamu waliiweka ikrari mbele ya aina nyingi za ushahidi, kwa kuwa mtu hajidhuru nafsi yake bila sababu. Lakini wakaizungushia masharti, mkiri awe amebaleghe, awe na hiari, awe na akili timamu, na ikrari ya majununi wakaitupa. Yamepokewa katika hadithi kwamba Maizi bin Malik alipomjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akakiri kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo, Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara, akamwuliza kama ana wazimu, na jamaa zake nao wakaulizwa kama wamepata kuona kasoro katika akili yake. Natazama hasa lile swali waliloulizwa jamaa zake. Akili ya mkiri haikuthibitishwa kwa kinywa cha mkiri. Ilitafutwa nje yake, kwa watu waliokula naye na kulala naye nyumba moja. Yule kijana wa Ifakara, Mungu amzidishie riziki, hakuuliza jamaa yeyote. Hakuipima betri, wala hakuufuata waya wa ethi mpaka mwisho wake, wala hakukitoa kisanduku akaangalia umeme unakifikia ukiwa kamili au ukiwa nusu. Alisikia ikrari, akafunga jalada.

Hapo ndipo fikira zangu zilipotoka katika gari, nami sikuweza kuzizuia, kwa maana nimezaliwa katika bonde hili la mto na nimeyaona ya bonde hili. Huku kwetu, na zaidi ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, iko desturi mashuhuri ya kunyolewa: mtu akituhumiwa uchawi hupelekwa kwa mganga, akanyolewa nywele na kupewa dawa, ili nguvu mbaya anayodhaniwa kuwa nayo izimike na watu wapate kukaa naye tena. Wako waliosema kuwa ni afadhali kuliko mapanga, na kwa kiasi hicho nakubaliana nao. Lakini nimewaona wazee wa kike, wajane, wasio na mtu wa kuwasemea, ambao baada ya miezi ya kutengwa kisimani na kunyimwa salamu walikiri. Walikiri kwamba wamekula watoto ambao nilijua, na zahanati ilijua, kuwa walikufa kwa upungufu wa damu. Nao hawakuwa waongo. Akili iliyonyimwa salamu kwa muda mrefu hujipima nafsi yake kwa mizani ya wale walioinyima, ikajiona ina kasoro, na kijiji kikasema kama yule kijana: hapana mjadala, mwenyewe amekiri.

Nabii Ayubu anatajwa katika Biblia na katika Kurani, na mara nyingi husifiwa kwa subira yake. Mimi, kila nikirudi katika kisa chake kilivyo katika Biblia, naona kwamba ukubwa wake mwingine ni kukataa ikrari ya uongo. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na laiti wangaliendelea kunyamaza. Walipofumbua vinywa, hoja yao ilikuwa moja kwa sura nyingi: msiba una sababu, sababu nyingine haionekani, basi sababu ni dhambi yako iliyofichika, ikiri upone. Wao walidhani wanamtetea Mungu. Naye, pamoja na majipu yake, aliiona kasoro ya hoja yao, ambayo ni kuligeuza giza lililo machoni pao kuwa doa lililo moyoni mwa mwingine.

Na kama kuna kijiji duniani ambacho kingelipaswa kuijua kasoro hiyo kabla ya vijiji vingine, ni hiki chetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walikuja Namawala wakatega mbu ndani ya nyumba zetu, usiku baada ya usiku, wakawahesabu, wakawapasua, wakakadiria kwamba mtu wa hapa alikuwa akiumwa na mbu waliobeba vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka mmoja. Walitoboa vidole vya watoto, wakaona kwamba vimelea vimo katika damu ya wengi wao, masika na kiangazi, bila tofauti kubwa, hata kwa wale waliokuwa wakicheza mpira na kucheka. Hapo likazuka swali zito. Mtoto ana homa, na damu yake ina vimelea. Je, homa ni ya vimelea? Jirani yake hana homa na damu yake ina vimelea vile vile. Kumkuta mtuhumiwa katika nyumba ya msiba si hoja, ikiwa mtuhumiwa huyo analala katika kila nyumba. Mwaka 1994 Thomas Smith, Joanna Schellenberg na Richard Hayes walichapisha njia ya hesabu ya kulijibu swali hilo, na jibu lenyewe lina unyenyekevu ambao naupenda kwa moyo wote: katika homa mia za namna fulani, zaweza kukadiriwa ngapi ni za malaria; lakini homa ya mtoto huyu mmoja aliyelala mbele yako, kwa yakini ya mwisho, haisemeki.

Je, tabibu afanye nini usiku ule? Amtibu. Nilipofika Ifakara na mjukuu wangu hakuna aliyengoja yakini, na lau wangaliingoja leo nisingekuwa na mjukuu. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na mahali nilipofika ni hapa: dhana yenye nguvu yatosha kwa tiba, lakini haitoshi kwa hukumu. Anayetibu kwa dhana huacha mlango wazi, hurudi asubuhi kutazama, huwa tayari kusema kumbe sivyo. Anayehukumu kwa dhana hufunga mlango na kwenda zake. Tendo laweza kuwa moja. Mafundi wawili waweza kukifungua kisanduku kile kile kwa bisibisi ile ile, mmoja akiwa anatibu na wa pili akiwa anahukumu, na tofauti yao haionekani mpaka siku ya kumi na moja.

Nasema ya kumi na moja kwa sababu ndiyo iliyonipata. Kisanduku cha mtumba kilinunuliwa Dar es Salaam kikaletwa kwa basi, kikafungwa, na gari likakataa kabisa kuwaka, kwa kuwa kisanduku kigeni kilikuwa hakiujui ufunguo wangu. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu yenye jina lake la siri, na kompyuta isiyolitambua jina hilo haitoi petroli hata kwa mwenye mali. Kwa magari ya aina yangu dawa yake ni kuunganisha matundu mawili ya ile soketi kwa kipande cha waya, kufungua swichi, na kukaa kimya nusu saa nzima mpaka vizoeane. Tulikaa nusu saa ile, na baadaye injini ikanguruma vizuri kama siku niliyolinunua. Nikarudi Namawala nikimshukuru Mungu. Siku ya kumi na moja likazima karibu na Idete, taa ikawaka, na mashine ikasoma alama ile ile.

Safari hii nilimwendea mzee mmoja aliyejifunza ufundi zama za kabureta na kuendelea kujifunza mpaka leo. Hakuchomeka mashine. Alichukua mita, akaanza na betri, akaifuata ethi mpaka katika bodi, akausugua mwisho wake, akauacha. Akapima umeme uingiao katika kisanduku, akautikisia kichwa kwa kuuridhia. Kisha akavifungua visanduku vyote viwili, cha kwanza nilichokuwa nimekihifadhi na hiki cha pili, akavilaza sambamba juani, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: mahali pale pale, katika kidude kile kile kidogo cheusi, palikuwa na kovu la kuungua.

"Yule kijana hakukosea, Mwalimu," alisema. "Kisanduku kimekufa kweli. Ila hakikujiua."

Akaufuata waya utokao katika kidude kile, sentimita kwa sentimita, akipapasa kama mtu atafutaye mwiba, mpaka akafika katika vali ndogo ya umeme ipitishayo hewa injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta. Aliichomoa soketi yake, na ndani yake mlikuwa na ukungu wa kijani wa shaba iliyolowa. Akaipima kwa mita. Waya mwembamba uliosokotwa ndani ya vali hiyo, ambao ungepaswa kuuzuia umeme kwa kiasi chake, ulikuwa umeungana wenyewe kwa wenyewe na kuuachia umeme upite karibu wote, na kila kisanduku kilipoamuru vali ifunguke kilikuwa kikijivutia moto kwa mkono wake. Kilikuwa kikitii wajibu wake, na wajibu ukakiunguza. Alinieleza kwamba hata ningalileta visanduku kumi vyote vingaliungua hapo, na kila kimoja kingalikiri.

Mwenyezi Mungu huitwa Musabibu wa sababu zote, na nadhani sehemu ya adabu kwake ni kutomtangaza kuwa msababishi wa mwisho mtu au kitu ambacho ni pete moja tu katika mnyororo. Lakini adabu hiyo haimpi fundi ruhusa ya kuufuata mnyororo mpaka Siku ya Mwanzo. Pana gari la kutengenezwa, na jua linazama. Yule mzee aliufuata mpaka pete aliyoweza kuibadilisha, naye aliijua kuwa ndiyo pete yake. Alitafuta vali nyingine katika sanduku lake la spea kuukuu, akaipima kwanza, akaifunga, akaifunika soketi yake kwa grisi. Kile kisanduku cha kwanza akakitengeneza mwenyewe, akaking'oa kidude kilichoungua na kuchomea kingine kwa risasi, mkono ukitetemeka kidogo kwa uzee mpaka ncha ya chuma cha moto ilipogusa bodi, hapo ukatulia. Hatukuhitaji kungoja nusu saa, kwa kuwa kile cha kwanza na ufunguo wangu walikuwa wanajuana.

Alipokuwa akikirudisha mahali pake aliniuliza bila kunitazama, "Na hii soketi, Mwalimu, maji iliyapata wapi? Hapa juu maji ya kawaida hayafiki."

Nikamweleza habari za usiku ule, mvua, njia iliyokatika, maji yaliyopanda mpaka yakaipita bampa, yale yale yanayotulisha mpunga na yale yale ambamo mbu huzaliana, na mtoto aliyekuwa amelala kiti cha nyuma mapajani mwa bibi yake, macho yamempinduka. Mzee alinyamaza kitambo, skrubu zikiwa midomoni mwake. Kisha akazitoa.

"Alipona?"

"Alipona."

Akaendelea kukaza.